Misuko Iliyokimbia

Mwenye mtoto anayelala na kompyuta mapajani na asikilize, maana walioibiwa hapa hawakuvunjiwa mlango.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi, huko Mutuini. Mukonyo alikuwa akifunga nywele za kusukia apeleke kibandani kwake Kenyatta Market, aliposikia binti yake Nzisa akimwita mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeteleza. Akamkuta kitandani, kompyuta i wazi mbele yake. Kazi ya mwaka mzima haikuwemo. Flashi ya akiba, iliyokaa chini ya Biblia kabatini, nayo haikuwepo.

Kazi yenyewe Mukonyo aliielewa hivi. Mteja anaketi mbele ya kamera, na kwenye kioo cha kompyuta anajiona ameshasukwa. Akigeuza kichwa, misuko inamfuata, inayumba kama ya kweli. Nzisa alichukua maktaba mbili za programu zilizotengenezwa na wengine, moja ya kupiga hesabu, nyingine ya kuchora, akazifunga nira moja. Ya kwanza inakokotoa kila msuko ulipo, ya pili inauchora papo hapo, na picha zikifuatana upesi jicho linaona mwendo. Ijumaa alitakiwa kumwonyesha Cate, mwenye studio ya matangazo Spring Valley. Ikimpendeza, Nzisa ana kazi. Asipokuwa na cha kuonyesha, ni kurudi kuosha vichwa vya wateja wa mama yake.

Sajini Ndambuki alifika saa nne. Akakagua kufuli, akakagua dirisha, akatikisa kichwa.

"Mwizi gani huyu anakula nyama na kuacha ngozi?" akauliza. "Kompyuta ameiacha. Huyu alijua anachotaka, na alijua kinakaa wapi."

Mukonyo hakuhitaji kufikiri. Jirani yao Norman, fundi wa simu, aliingia Jumamosi kutengeneza soketi, na alibaki peke yake chumbani. Mukonyo akalitaja jina hilo uani, mbele ya wapangaji wote, na akaongeza maneno mabaya juu ya watu wa kabila lake. Norman hakukana kwamba aliingia.

"Afande, mimi nafungua simu za watu," alisema. "Akili zao sijui kuzifungua."

Akachukuliwa hivyo hivyo, na kandambili miguuni.

Aliyemshika Mukonyo mkono siku hiyo ni Beryl. Beryl alisoma na Nzisa chuoni, na aliposhindwa na kodi Mukonyo akampa godoro chumbani mwa Nzisa. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Kichwa chake ndicho Nzisa alichojaribia misuko, jioni baada ya jioni. Beryl alimwita Mukonyo Mathe, yaani mama. Alichemsha chai, akaomba, akasema Norman hakuwahi kumpendeza, macho yake hayatulii.

Jumatano Cate akapiga simu, sauti baridi. Jumapili mtu asiyejitaja jina alikuwa amemtumia programu kama ile aliyoahidiwa na Nzisa, akiiuza kama yake. Ndambuki akaenda Spring Valley na mama na binti.

Cate akawasha mashine yake kubwa. Misuko ikatokea, kisha ikaanza kupigapiga hewani kama ya mwanamke aliyevamiwa na nyuki.

Nzisa akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaeleza kosa lake: aliupanga msuko usogee hatua moja kwa kila picha inayochorwa, badala ya kufuata saa. Kompyuta yake kuukuu huchora polepole, kwa hiyo mwendo ulionekana sawa. Mashine ya Cate huchora upesi, na hatua zikaongezeka. Dawa yake ni mistari michache tu: kupima muda uliopita kati ya picha na picha.

"Ulishawahi kuiona ikikimbia hivi?" Ndambuki akauliza.

"Hapana. Sina mashine nyingine."

"Kuna mtu uliyemwambia?"

"Ningemwambia nini, afande? Hata mimi nimejua leo."

Sajini akamwomba Cate amwandikie muuzaji kwamba kazi ni nzuri ila misuko inakimbia, airekebishe kabla ya Ijumaa. Mama na binti akawaonya wasiseme walichokiona, hata nyumbani. Mukonyo alidhani sajini anaogopa jamaa za Norman.

Alhamisi alasiri wasichana walikuwa wakichambua maharagwe, Mukonyo yuko jikoni, mlango wazi.

"Nzi," Beryl akasema bila kuinua macho, "nilikuwa nafikiria tu. Ukiandika hiyo kitu upya, alafu iwekwe kwa mashine kali, misuko ianze kukimbia. Utaituliza aje?"

Mwiko ukasimama mkononi mwa Mukonyo. Akatoka taratibu.

"Beryl, mama," akasema, "nani alikwambia itakimbia?"

"Si nimesema nafikiria, Mathe."

"Aliyeambiwa ni mmoja," Nzisa akasema. "Aliyeiuza."

Ndambuki, aliyekuwa akingoja barabarani tangu mchana, aliitwa kwa simu. Akasema Norman asingejua hata la kuuliza. Mwizi aliyekwama ilibidi aulize, na wa kuulizwa alikuwa mmoja tu. Flashi ikatoka ndani ya foronya ya Beryl.

"Nimekaa kwa hicho kiti nikigeuza kichwa mpaka shingo ikauma," Beryl akasema. "Ile sura ni yangu. Jina umeandika lako pekee. Na wewe Mathe, ukiniombea kanisani unasema 'rafiki wa Nzisa.' Mwaka wa pili, bado rafiki wa Nzisa."

"Ungeniambia, ningeandika majina mawili."

"Ningekuomba nini tena? Godoro ni lenu, chakula ni chenu."

Beryl akapelekwa kituoni, na Norman akaachiliwa jioni ile. Mukonyo alimngoja langoni na pole zake zote. Norman akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama soketi inafanya kazi, akaingia kwake na kufunga mlango.

Kabla giza halijaingia, simu ikalia. Alikuwa polisi wa zamu kituoni, sauti ngeni.

"Kuna msichana hapa anaitwa Beryl. Tumemuuliza jamaa wa karibu, ametoa namba hii. Wewe ndiye mama yake?"

Mukonyo akamtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia kompyuta akiandika mistari yake michache, na kiti kitupu mbele ya kamera.

"Mimi ni mama wa Nzisa," akasema.

Polisi akauliza aandike nani basi. Mukonyo akaenda kukaa kwenye kile kiti, simu ingali sikioni.