Bwawa Lisilo na Ukingo

Kwa maelezo ya jirani, mambo yalikuwa hivi: mchana kweupe, wenye nyumba wakiwa hawapo, fundi wa bwawa aliingia na nyundo, akaponda ukingo wa bwawa kama mtu anayeua nyoka, kisha akatokea geti la nyuma akipiga mluzi.

"Ulimwona akivunja?" Inspekta aliuliza.

"Nilisikia. Ko! Ko! Ko! Kisha nikamwona anatoka."

"Kwa hiyo kuvunja hukuona."

"Inspekta, jogoo akiwika, mpaka umwone mdomo ndiyo ujue ni yeye?"

Mtaa mzima ulimwita mama huyu Redio, na jina hilo hakulikataa. Konstebo alikohoa ili asicheke.

Inspekta alimshukuru, akaenda kutazama eneo la tukio.

Bwawa lilikuwa jipya, nyuma ya nyumba. Halikuwa na ukingo ulioinuka. Lilijengwa ili maji yajae mpaka yawe sawa na sakafu pande zote, yamwagikie kwenye mfereji mwembamba uliofichwa chini ya mawe, na pampu iyarudishe. Sakafu ilikuwa ya mawe ya kijivu. Maji yakitulia, nayo yalikuwa ya kijivu. Ungesema mtu amelaza kioo chini.

Upande mmoja tu ndio ulioharibiwa, ule unaotazamana na baraza.

"Pande tatu hazijaguswa," alisema konstebo. "Labda alichoka."

"Au hizo tatu hazikumsumbua."

Inspekta alichuchumaa. Alama za nyundo zilifuatana kwa mstari, kutoka moja hadi nyingine shubiri moja, kama mshono wa nguo. Mtu mwenye hasira hapigi hivyo. Huyu alikuwa akipima kwa mkono wa kushoto na kupiga kwa wa kulia. Kwenye mawe mawili kulikuwa na matone ya damu yaliyokauka.

"Chukua sampuli," alisema. "Piga na picha."

Kituoni, fundi alitolewa mahabusu akiwa bado na ovaroli yake.

"Ulisema mbele ya wageni kwamba ukingo huu utauvunja mwenyewe?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Maji yalikuwa yakimwagika zaidi upande mmoja. Ukingo wa aina hii ukipinda unene wa ukucha tu, maji yanakuumbua. Mwenye nyumba akanifokea mbele za watu. Nikamwambia nitauvunja niujenge upya. Haikuwa hasira, afande. Ni kazi."

"Siku ile ulifuata nini?"

"Pimamaji yangu, ile ya kupimia usawa. Niliisahau. Nikakuta mawe yamepondwa, nikaogopa, nikatoka."

"Ukipiga mluzi?"

"Sasa mtu akiogopa afanye nini, alie barabarani?"

"Nionyeshe mikono."

Aliinyoosha. Ilikuwa migumu, imepasuka kwa saruji, lakini haikuwa na jeraha wala ukucha mweusi. Inspekta aliigeuza huku na huku. Fundi wa mawe anaweza kujigonga kidole siku moja mbaya. Kujigonga, asogee, ajigonge tena? Huyo hajui nyundo. Au haoni inakotua.

Aliyafikiria hayo njia nzima ya kurudi kwenye ile nyumba.

Mwenye nyumba alimpokea kwa hasira mpya. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Bwawa lenyewe ni la baba yangu! Yeye ndiye anayeshinda hapa na mjukuu wake. Tulimwekea picha tatu mezani." Alizitoa kwenye droo. "Hii ukingo umeinuka, ya kawaida. Hii maji yanaporomoka upande mmoja. Na hii ya tatu, kioo. Nikamwambia, baba, chagua wewe. Hata hakusita. Akaweka kidole hapa."

"Akalipenda?"

"Kulipenda? Siku lilipojazwa alijitosa na viatu na saa mkononi! Tulicheka mpaka machozi."

"Mjukuu alikuwa wapi?"

"Si alikuwa amemshika mkono! Akamwachia pale pale akiruka. Mzee ana vituko, wewe acha tu."

Inspekta hakucheka.

"Naomba nibaki na hizi picha," alisema. "Na niongee naye."

"Yuko barazani. Mimi namfuata mtoto shuleni. Ni kazi ya baba kila siku, na anaipenda kuliko kitu chochote, lakini tangu juzi amebanwa kidole na mlango."

Gari lake lilipoondoka, Inspekta alimwagiza konstebo awashe pampu. Alitaka kuona maji yalivyokuwa siku ile. Yalipanda taratibu, yakatulia sawa na sakafu pande tatu. Upande wa nne yakaanguka kwa kelele kwenye mawe yaliyopondwa.

Mzee aliamkiwa, akaitikia marahaba na kumkaribisha chai kabla hata hajamuuliza shida yake. Alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi. Kidole gumba cha kushoto kilifungwa kitambaa. Alichukua birika, akaingiza ncha ya kidole cha shahada ndani ya kikombe, akamimina. Chai ilipomgusa kidole, akaacha.

Inspekta alikunywa. Kisha akazipanga zile picha mezani, polepole.

"Mzee wangu, uliyoichagua ni ipi?"

Hata hakusita. Aliweka kidole. "Hii hapa. Maji yake kama kioo. Nzuri sana."

Picha zote tatu zilikuwa zimefunikwa. Mbele yake kulikuwa na karatasi nyeupe tu.

"Mzee," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimezilaza kifudifudi."

Mzee hakuuondoa mkono haraka. Aliipapasa ile karatasi kama anayemtuliza mnyama.

"Kumbe," alisema. "Wewe umesoma upelelezi kweli."

"Tangu lini?"

"Ulianza kama ukungu. Sasa naona mwanga, naona vivuli. Nyumba hii naijua kwa miguu."

"Na njia ya shule?"

"Ananishika mkono. Anadhani yeye ndiye anayeongozwa." Alitabasamu. "Ananisimulia kila gari linalopita na rangi yake. Namwambia, hebu nione kama unajua rangi. Anazijua zote."

"Siku ile hukujitosa."

"Sikujitosa, mwanangu. Nilidhani bado niko kwenye sakafu. Mguu ulipokosa chini, nikafungua mkono nikamwachia. Basi wakaangua kicheko, nami nikacheka. Usiku kucha nilikuwa nafungua na kufumba kiganja changu. Ningechelewa kidogo, je?"

"Kwa nini hukuwaambia wabadilishe?"

"Niwaambie nini? Aliyechagua si mimi?"

Maji yaliendelea kuanguka. Ilibidi wainue sauti kidogo.

"Kwa hiyo ukachukua nyundo."

"Stoo imejaa vyombo vya fundi. Sikutaka kuharibu mali ya mtu. Nilitaka mguu ukwaruzwe kabla ya kufika majini, basi. Nijue hapa ndipo mwisho."

"Na fundi yuko ndani kwa ajili yako."

"Nimeambiwa leo hii, na chakula hakijapita kooni. Mtoe sasa hivi. Andika ni mimi. Andika nina hasira. Andika uzee umenivuruga akili, nitatia sahihi, niongoze tu mkono. Watanisema mwezi mmoja kisha watanisamehe." Alizisukuma picha kwa Inspekta. "Ila macho usiyaandike."

Inspekta aliinua uso.

Mlangoni alikuwa amesimama mwenye nyumba. Viatu vya mtoto vilining'inia vidoleni mwake, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala begani. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Kelele za maji zilikuwa zimemeza hatua zake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, machozi yakimfika kidevuni, na hakuyafuta.

Mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni, kulikokuwa na ubaridi. Alimtazama bintiye usoni moja kwa moja.

"Nakuomba kama baba yako," alisema. "Usimwambie binti yangu. Akijua, hatanipa tena mkono wa mtoto niushike."

Mwenye nyumba hakusogea.

"Inspekta?" mzee aliita. "Umenisikia?"