Majani ya Karamu ya Kamuli

Mimi ni Byabato, mwana wa Kaijage, mwana wa Rwegoshora. Rwegoshora alikuwa mwamuzi wa mipaka ya mashamba hapa Kibingo. Kaijage alikuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyepata kuwashtaki.

Mke wangu, Kemilembe, alilima kahawa pamoja nami. Kazi za shamba zilipopungua, watu walimwita kuwapikia karamu. Mwaka 1952 alipika katika ubatizo mmoja. Kesho yake wageni kumi na wawili waliharisha, na mtoto mmoja nusura afe.

Jirani yetu Auleria alimdhihaki kisimani. “Mama, kwenye harusi ya Protase utapeleka ndizi au dawa ya tumbo?”

Protase wa Kamuli, aliyekuwa amemwomba Kemilembe apike kwenye harusi hiyo, naye alikuja kusema kwamba anatafuta mpishi mwingine.

“Nipe siku tatu,” Kemilembe alimwambia. “Nisipolijua kosa langu, nitaacha kazi hii mwenyewe.”

Tulikwenda kwa Apolinary, kijana mhudumu wa zahanati.

“Shikamoo, mama. Habari za ubatizo ule nimezisikia. Nyama mbichi mliikatia juu ya nini?”

“Marahaba. Juu ya majani ya mgomba.”

“Na ndizi zilipoiva, mlizifunika kwa nini?”

“Kwa majani yaleyale. Tuliyapangusa, kama mama yangu alivyonifundisha.”

“Mama yako alikufundisha vizuri kupika. Hili uliongeze. Nyama mbichi ina vijidudu visivyoonekana. Moto uliviua chunguni; ninyi mkavirudisha kwa majani. Majani ya nyama mbichi yafukiwe. Kwa chakula kilichoiva, kata mengine, yaoshe, yababue motoni. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni.”

Protase alipoelezwa hayo, alikubali. Lakini siku ya harusi, ndizi zikiwa zimeiva, majani safi yalipungua. Protase akaleta yale yaliyokatiwa nyama.

“Wageni wana njaa, mama. Yapanguse tupakue.”

“Watasubiri.”

“Watatusema.”

“Waache waseme wakiwa wazima.”

Kemilembe alichukua kisu, akaingia migombani. Wageni walinung’unika. Mimi niliona haya, lakini nilimchotea maji ya kuoshea.

Siku ya tatu baada ya harusi, Protase alikuja kwetu. Hakuna mgeni aliyeugua, na ndugu yake wa Kiruruma alimtaka Kemilembe ampikie harusi ya bintiye.

Ninyi wajukuu zangu mnaopenda kupakua haraka, sikilizeni na mtii. Jani lililoguswa na nyama mbichi lifukieni. Mgeni akinung’unika, mwacheni anung’unike.