Nafasi ya Nyapara

Nyapara alikufa Jumatatu, na hadi Alhamisi saruji aliyokuwa akilalia ilikuwa bado na joto.

Seli ile ilijengwa kwa watu ishirini. Walilala sitini, ubavu kwa ubavu kama njiti za kiberiti, wakigeuka wote kwa pamoja pale tu nyapara, aliyelala chali peke yake chini ya dirisha, alipotoa amri. Aliyechelewa alikula teke.

Askari akamteua Kinyozi kuwa nyapara mpya, mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti.

"Bwana mkubwa, hongera!" akamtania Fundi Saa, rafiki yake wa ubavuni. "Usitusahau sisi walalahoi."

"Humu mateke yamekwisha," Kinyozi akajibu. Alibakiza siku kumi na moja aachiwe, na alitaka kurudi kwa mkewe akiwa mtu yuleyule aliyeondoka.

Usiku huo kinywa chake kikafunguka chenyewe. "Geuka!" Sauti ilikuwa ya marehemu, yenye mkwaruzo, ikinuka kutu iliyolowa. Kufikia Jumapili alikuwa amepiga watatu, na asubuhi hakukumbuka hata mmoja. Aliona tu kidole gumba cha mguu kimevimba.

Mchana, wakati wa usafi, wakamwingiza kwa siri mganga mmoja, mfungwa wa seli ya jirani. Akalaza sikio sakafuni, akainuka haraka.

"Huyu pepo ameshavaa manyapara wengi," akanong'ona. "Hali damu. Anakula kule kugeuka kwenu. Akiita, asitikisike hata mmoja, atatoka."

"Basi leo msinitii, jamani," Kinyozi akawasihi. "Hata nikifoka. Nawaombeni."

Wakaapa wote.

Usiku akajifunga kitambaa mdomoni, akakiuma, akasikia kutu ikimpanda kooni taratibu, na kitambaa kikalowa, kikalegea, na ile sauti ikapenya katikati ya meno yake, tena kwa upole, maana haikuwa na haja ya kufoka, na kabla neno halijaisha mbavu zikakwaruza saruji kutoka ukutani hadi mlangoni, mwili mmoja mrefu ukigeuka, na ng'ambo ya ukuta, kwenye seli ya mganga, nako wakageuka.

Fundi Saa peke yake hakugeuka. Wakatazamana.

"Nipo, ndugu yangu," akanong'ona, machozi yakimtoka. "Jikaze."

Kinyozi alitaka kumjibu. Mguu wake ukanyanyuka.

"Samahani, nyapara," akasema Fundi Saa, akageuka.