Nililisingizia Zulia la Gari

Nilimwahidi mama mdogo kwamba gari litakaloingia nyumbani kwake Malukhu, mjini Mbale, halitamdhuru mtu. Nilitamka ahadi hiyo mbele ya mumewe, baba yangu mdogo, askari magereza mstaafu aliyenilea na kunisomesha baada ya baba yangu kufariki. Nina umri wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa chuo cha ufundi, na ninafanya kazi gerejini Nalufenya, Jinja. Ahadi ile niliivunja mimi mwenyewe, ndugu wasomaji...

Gari nililichagua mimi. Lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuletwa Uganda, kama yalivyo magari yetu mengi. Nilisikiliza injini, nikalala chini nikakagua chasisi, nikasema ni zima. Baba mdogo akaitangazia Malukhu nzima kwamba gari lake limechaguliwa na injinia wa familia. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu, nikawa Injinia.

Miezi michache baadaye nilisoma mtandaoni kwamba kiwanda kilikuwa kimeagiza magari ya aina ile yarudishwe, kwa sababu pedali ya mafuta hunasa ikikanyagwa, isiinuke. Nililinganisha namba ya chasisi na orodha yao. Ilikuwemo!

Nilipaswa kumpigia baba mdogo simu dakika ile ile. Badala yake niliandika barua. Wakala wa kiwanda hicho aliyeko Kampala alijibu kwamba gari halikununuliwa kwake, hivyo halimhusu. Nikaandika kiwandani. Wakataka nakala ya barua ya wito wa kurudisha gari aliyotumiwa mmiliki wa kwanza... Mjapani nisiyemjua hata kwa jina! Je, sisi tunaonunua magari yaliyotumika, uhai wetu nao umekwisha kutumika?

Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini nilijificha ndani yake. Nilijiambia ninawapigania madereva wote, ilhali nilitaka pedali mpya ifike kimyakimya, kabla baba mdogo hajajua kwamba Injinia wake alikosea.

Kisha akanipigia mwenyewe. Alisema pedali inachelewa kuinuka, akatania kwamba gari lina haraka kuliko mstaafu. Ukweli ulinifika mdomoni... nikaumeza. Nikamwambia ni zulia la miguuni tu linaloikwaza, aliondoe.

"Sawa, afande," akanijibu, akicheka.

Mama mdogo alichukua simu, akauliza kama kweli ni zulia peke yake. Nikasema ndiyo.

Wiki ya pili, baba mdogo akitoka Nakaloke, pedali ilinasa. Breki hazikulimudu gari. Mbele yake, kando ya barabara, wanawake walikuwa wamepanga nyanya zao. Akakata usukani, akaligongesha gari kwenye ukuta wa ghala. Sokoni hakuumia mtu. Mguu wake wa kulia ulisagika, na madaktari wakaukata juu ya goti.

Nilipofika Malukhu kumchukulia shuka za hospitali, nililikuta zulia uani. Alikuwa amelifua vizuri, akalianika kambani...

Nilikaa kando ya kitanda chake siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza.

"Injinia, ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ungeniambia tu. Ningetembea kwa miguu."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea! Mama mdogo bado hunipakulia chakula nikienda Malukhu, lakini haniulizi tena jambo lolote kuhusu magari. Na baba mdogo sasa ananiita kwa jina langu.

Barua ninaendelea kuziandika, kwa wakala na kwa kiwanda, kwani magari ya aina ile bado yanapita hapa Nalufenya kila siku. Hadi leo sijapata jibu la maana. Hata hivyo, si wakala aliyelisingizia zulia. Ni mimi, niliyesomeshwa kwa jasho la mtu yule ili nijue kasoro za magari.

Ndugu msomaji, nakuomba jambo moja. Ukijua kwamba gari la mtu lina hatari, mwambie leo aliegeshe, hata kama wewe ndiye uliyemchagulia. Barua utaandika baadaye.