Gololi kwenye Shuka

Mimi hakuna somo linalonishinda kulieleza. Sekondari nimemaliza, na mdomo wangu haujawahi kukosa jibu. Ndiyo maana mtaani wananiita Profesa.

Basi dada yangu alipoitwa kwenye usaili, nikajitolea kumfundisha. Jumba la kuonyeshea nyota lilitaka mtu wa kuongoza wageni. Dada alikuwa ametafuta kazi mwaka mzima bila kupata. Usaili ulikuwa mchana wa siku ile ile, na swali aliloliogopa ni moja: sayari huanzaje?

Tulikuwa kwenye karakana ya Baba. Baba ni fundi baiskeli. Alikuwa ameinamia baiskeli ya jirani yetu, Mwalimu wa fizikia, naye Mwalimu amekaa akisubiri.

Nikachovya gololi moja ya gurudumu kwenye grisi, nikaigandisha na nyingine, kisha nyingine.

"Umeona, dada? Jiwe hunasa jiwe, moja moja, mpaka sayari."

Mwalimu akakohoa. "Na huko angani grisi anapaka nani?"

Dada akanikazia macho. "Profesa, naondoka sasa hivi. Umenilisha uongo?"

"Si uongo wote," Mwalimu akasema. "Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Chembe ndogo hunasana kweli. Lakini mawe yakigongana, mengi hudunda au huvunjika. Wanasayansi wanaona iko njia nyingine. Leteni shuka."

Dada akaleta moja kutoka ndani, akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalivuta. Mwalimu akatawanya gololi chache. Zikatulia. Kisha akamimina konzi nzima mahali pamoja. Shuka likabonyea. Gololi za jirani zikabingirikia humo, likabonyea zaidi, na za mbali nazo zikafuata.

"Huko angani hakuna shuka," akasema. "Kuna uvutano. Kila kitu huvuta kingine. Palipojaa zaidi huvuta majirani, na majirani wakifika, pale huzidi kuvuta. Mwishowe rundo zima hujikusanya kwa mkupuo, likawa mwanzo wa sayari. Profesa, tikisa."

Nikatikisa. Gololi zikasambaa.

"Hilo ni joto. Gesi yenye joto husukuma nje. Mzunguko wa sahani nao huyachana marundo. Sahani ikiwa nzito na baridi vya kutosha, uvutano hushinda."

"Nzito na baridi," Dada akarudia. "Nzito na baridi." Akachota gololi, akatia mfukoni, akatoka. Nikamfuata.

Mlango wa chumba cha usaili uliachwa wazi. Nilikaa kwenye benchi nje. Mama msaili akauliza, "Sayari huanzaje?"

Dada akapapasa mfuko wake. Nikajisemea, yameisha, na ni mimi niliyemponza.

"Samahani, mama," Dada akasema. "Naomba unishikie kitambaa hiki cha meza."

Nikasikia gololi zikibingirika, na Dada akieleza sahani ya gesi na uvutano. Kisha msaili akauliza: "Mbona basi si kila sahani hufanya hivyo?"

"Tikisa kidogo, mama. Hilo ndilo joto."

Msaili akacheka. Nikapumua.

Sasa Dada huongoza wageni kila siku. Jana mteja alimsifu pale karakanani, nami nikapanua kifua.

"Nilimfundisha mimi," nikasema. "Neno kwa neno."

Baba hakuinua hata kichwa kwenye gurudumu.

"Mwambie basi," akasema, "na lile neno la grisi."