Mara Tatu ni Kushusha

Jioni ile ilibaki kazi moja tu, na ndogo: kuinua gari upande wa kushoto, kusikiliza linalia wapi, kufunga gereji, kwenda zao nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa la mashindano la zamani, jekundu, milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi. Mteja alilileta likivutwa kwa kamba, akaishia getini, akakataa katakata kuingia. Alisema ni la marehemu baba yake, na kwamba likiinuliwa kwa jeki linatoa kelele. Kelele gani? Mtaisikia wenyewe, akasema, akaondoka mbiombio.

Fundi mwenye gereji walimwita Sikio. Husimamisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akakwambia ni beringi ipi imekufa kabla hujafungua boneti. Alifanya kazi na shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, mtu wa utani asiyeishiwa maneno. Jirani yao alikuwa mchomeleaji mwenye jenereta, kwa hiyo mchana kutwa hapasikiki mtu, na wao wakazoea kuzungumza kwa kugonga. Aliye chini ya gari akigonga mara moja: pandisha. Mara mbili: simama. Mara tatu: nimetoka, shusha. Miaka kumi na moja hawajakosea hata siku moja. Shemeji aligonga kwa pete yake ya ndoa, ting, na sauti hiyo Sikio angeitambua hata usingizini.

Basi Sikio akapiga jeki. Gurudumu likaachana na ardhi.

Gari likalia.

Haikuwa springi, haikuwa bushi. Ulikuwa mguno mrefu wa mtu aliyebanwa kifua. Sikio akashtuka, akaachia mpini wa jeki, na mpini ukaruka wenyewe ukamchapa taya. Alitema damu kiganjani, na katikati ya damu lilikuwamo jino. Shemeji yake akacheka mpaka akaegemea ukuta, akasema gari hili linapiga watu kabla ya salamu.

Wakaweka stendi, kile chuma cha kushikilia gari lisianguke. Kimya. Wakaondoa stendi, gari likabaki juu ya jeki tu. Mguno ukarudi. Sikio akagusisha bisibisi kwenye chasisi, ile fremu ya chini ya gari, akatega sikio... Pumzi. Inaingia. Inatoka. Kisha kitu kikagonga kutoka ndani, kwa uzito, ngumi ya mtu kabisa.

Du. Du. Du.

Na chini ya gari hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo alipotakiwa kufunga gereji. Lakini ndiyo hivyo, sifa zilimponza. Mtu mzima anayeitwa Sikio ashindwe na kelele? Shemeji yake akamwambia chuma hakina pepo, akaomba dakika moja tu aingie asikilize kwa chini. Sikio akakubali. Alilaza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, ili likianguka liangukie hapo, na shemeji akaingia kwa mgongo, tochi mkononi.

Ting. Sikio akapandisha.

Ting, ting. Akasimama.

Jirani akazima jenereta. Kimya kikatanda, na harufu ikaja, ya nywele zinazoungua.

"Shemeji..." Sauti ilinong'ona kutoka chini ya gari. "Kuna kifurushi huku. Kimeshonwa kwa ngozi. Kina joto."

Du. Du. Du.

Mkono wa Sikio ukafungua valvu ya jeki, ile ya kushushia.

Angeuliza tu, jamani. Palikuwa kimya, angeuliza tu. Ile haikuwa pete, na alijua haikuwa pete, lakini mkono ulishatii kabla sikio halijasema neno. Gari likashuka kwa kishindo. Mbavu zikavunjika moja baada ya nyingine, na yeye, mwenye sikio lake hilo, akazisikia zote. Miguu ya shemeji ilipiga sakafu mpaka viatu vikachomoka. Sikio akapiga jeki kama mwendawazimu, gari likagoma. Lilikuwa linakwenda kushoto na kulia, linasaga, na damu ikamfikia kwenye soli.

Mchomeleaji na wenzake walipokuja mbio, waliliinua kwa mikono bila shida yoyote. Gurudumu la akiba walilikuta limesimama ukutani. Kifurushi hakikuonekana. Mikono ya marehemu ilikuwa imezama ndani ya chasisi hadi viwikoni, na walipoichomoa, kila kifundo cha mkono kilikuwa na alama za vidole vilivyokishika. Asingeweza kugonga hata angetaka.

Sikio alimpigia mteja simu, akamtukana mpaka pumzi zikamwishia. Yule akasikiliza, kisha akakiri. Baba yake alimwendea mganga ili asishindwe mbio, na gari likafungwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitoa. Baba alikufa chini yake, akishushiwa na mdogo wake mwenyewe, aliyeapa kuwa alisikia kugongwa. Mwaka uleule huyo mdogo mtu naye akafia palepale. Alikuwa amemsikia kaka yake akigonga kutoka ndani, akaenda kumtoa.

Siku ya tano, magharibi, mdogo wake Sikio, yule mjane, akaja gereji peke yake, na mimba yake ya miezi minne. Pete ya mumewe aliivaa kwenye dole gumba.

"Kaka, aligonga?"

"Aligonga," Sikio akadanganya.

Ndani ya gari kitu kikajibu.

Ting.

Mwanamke akatazama dole gumba lake. Pete ilikuwapo. Sikio akamsimulia haraka habari za yule mdogo mtu, akamsihi waondoke. Wapi.

"Ulimshusha wewe," mdogo wake akanong'ona. "Mpandishe."

Neno hilo likammaliza. Akapiga jeki huku analia. Alipogeuka kufuata stendi, akasikia nguo ikiburuzwa sakafuni. Na aliporudi mbio, mdogo wake alishaingia, imebaki miguu tu nje.

Ting. Ting. Ting.

Aliiona miguu. Aliiona vizuri kabisa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshashika valvu, na ulikuwa unafungua.

Akauvuta, haukuja. Akaokota nyundo kwa mkono wa kushoto, akaupiga. Vidole vikapasuka. Akapiga tena, na tena, mpaka mfupa wa kiganja ukatokeza, ndipo ukaachia. Kwa huo wa kushoto akamburuta mdogo wake nje kwa mguu, kichwa kikigonga sakafu. Alitoka mzima. Alisema hakugonga kitu. Na dole gumba lake lilikuwa tupu, limechunwa ngozi hadi kwenye kiungo.

Gari bado lipo pale juu ya stendi, geti limefungwa kwa minyororo. Kutoka gereji hadi nyumbani kwa Sikio ni mwendo wa nusu saa, na bado anasikia: ting, ting, ting. Kila magharibi wanawe humkuta kwenye kiti, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

Ule wa kushoto ameukalia.