Diski ya Seva ya Duka la Dawa

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mfamasia alikuwa nyuma ya meza yake, na mumewe alikuwa akipanga maboksi rafuni. Kompyuta zote za duka zilichota habari kutoka seva moja iliyokaa chumba cha nyuma. Humo mlitunzwa kumbukumbu za kila mgonjwa: dawa alizotumia, na zile ambazo mwili wake hauzipokei.

Mfamasia aliandika jina la mwashi mmoja mwenye jino lililovimba. Kioo kikaganda.

"Dada, nipe tu niende," alisema mwashi. "Jino halina subira."

"Hata mimi imeniishia, kaka."

Akafunga vidonge vya amoksilini kwenye bahasha. Mwashi alikuwa ameshanyoosha mkono pale maandishi mekundu yalipojitokeza: penisilini humdhuru. Na amoksilini ni ya ukoo huohuo. Mfamasia akaivuta bahasha haraka.

Wateja walipopungua, alimwambia mumewe, "Ningeua mtu leo. Siku hizi mashine ikikwama, natoa dawa bila kusoma."

"Basi nainunulia seva diski mpya," alisema mume. "Kubwa kuliko zote."

Alikuwa mtunza ghala tangu ujana wake. Kwake yeye, kitu bora ni kile kinachomeza mzigo mwingi.

Jirani yao, fundi wa kompyuta za hospitali aliyepachikwa jina la Bi Waya, alicheka aliposikia.

"Shemeji, hiyo diski ya sasa imejaa?"

"Hata nusu haijafika."

"Sasa unajenga ghala la pili uweke nini? Upepo?"

"Mbona unanihoji kama hakimu?"

"Ulivyowahoji wewe madereva wa malori. Twende tupime kwanza."

Walikwenda dukani wateja wakiwa wengi. Bi Waya alifungua vipimo vya seva.

"Tazama. Prosesa, ubongo wa mashine, inasinzia. Ramu, meza yake ya kazi, inatosha. Anayetokwa jasho ni diski."

"Kwa nini?"

"Ndani yake mna sahani zinazozunguka na mkono unaosoma. Huyu anamtafuta mgonjwa wa hapa, yule anamtafuta wa kule. Mkono unakimbia kote. Ni kama ghala lenye mtu mmoja na ngazi moja."

Mume akaitikia kwa kichwa. Ngazi ile aliijua.

"Diski ya chipu, hii watu wanayoiita SSD, haina sahani wala mkono," aliendelea Bi Waya. "Maswali madogo mengi ya kanzidata, hilo daftari la wagonjwa wenu, inayajibu upesi."

"Basi hii ya sahani naitupa jalalani!"

"Taratibu, shemeji. Ya sahani hutoa nafasi kubwa kwa bei nafuu. Itoe kwenye seva, uitumie kuwekea nakala za akiba. Na SSD usiokote yoyote tu. Chukua iliyotengenezwa kwa seva, inayovumilia kuandikwa mara kwa mara, na isiyopoteza kazi umeme ukikatika ghafla. Hata hiyo huchakaa, na inaweza kufa bila kuaga. Nakala ni lazima."

Kwenye duka la kompyuta mume aliitazama diski kubwa kuliko zote kwa uchungu, kisha akanunua SSD ya seva ya ukubwa wa kadiri. Bi Waya alitoa nakala kwanza, akahamisha kanzidata, halafu akajaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala ile. "Nakala usiyoijaribu ni matumaini tu," alisema.

Asubuhi moja baada ya hapo, foleni ikiwa imefika mlangoni tena, mama mmoja aliingia na mtoto mwenye homa na cheti cha dawa ya salfa. Mume alikisoma kwa mbali, akaenda rafuni na kuishika chupa.

Kumbukumbu ya mtoto ilikuwa imeshafunguka kwenye kioo.

"Usiitoe hiyo," alisema mkewe, akiinua simu kumpigia daktari abadilishe dawa. "Mtoto huyu salfa inamdhuru."

Mume akairudisha chupa rafuni.